Vigumba Vitatu vya Shemeji

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba. Ukungu mzito tangu alfajiri huku ughaibuni, hapa Brampton. Ilipofika saa mbili yakaanza manyunyu, yale ya baridi ambayo hayamloweshi mtu upesi, lakini yakishamlowesha hakauki siku nzima. Saa nane yakakoma. Jua halikutoka.

Kwa kawaida hali ya hewa naiandika ili nipate pa kuanzia, maana mstari wa kwanza ndio unaonishinda. Leo naiandika kwa sababu ndiyo iliyonikalisha dirishani. Sisi tunakaa besimenti, chini ya ardhi, dirisha letu liko sawa na nyasi za mwenye nyumba, na asubuhi yote nilikuwa nikitazama matone yakigonga majani nikimfikiria shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alikuwa juu ya mti kaskazini ya Pickering tangu kabla hakujapambazuka, na upinde wake na mishale miwili, akimngoja swala. Mvua ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Mvua hufuta damu, na damu ikifutika, mnyama aliyepigwa mshale hapatikani.

Najua alikuwa anaiogopa kwa sababu ya mambo ya mwaka jana.

Shemeji ni nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuwinda kwa upinde alifundishwa na mwenzake wa kazini. Akaenda darasa la wawindaji, akafanya mtihani, akapata leseni, kila kitu kwa utaratibu wa huku. Mzee mmoja mwenye shamba akamruhusu aingie kwenye kipande chake cha msitu, kwa kuwa swala wanamlia soya. Wenyeji wanawaita dia. Sisi tunasema swala tu, ingawa hawa ni wakubwa kama ndama. Mwaka jana mwezi wa Novemba shemeji akampiga jike mmoja. Aliona mshale ukiingia. Akangoja nusu saa kama alivyofundishwa, akashuka, akaukuta mshale umelala kwenye majani, na damu kidogo sana, kama ya mtu aliyejikata akinyoa ndevu. Akafuata matone. Mvua ikaja. Akatafuta mpaka giza. Kesho yake akarudi, wakatafuta yeye na mwenye shamba mpaka mchana, wasione kitu.

Wapo watakaosema ni swala tu, na sitabishana nao, kila mtu na moyo wake. Lakini huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kukaa na wazee wanaokata roho, kuwageuza, kuwalowesha midomo, kuhakikisha mtu anakwenda bila maumivu. Wiki ile alikuja hapa akakaa mezani bila kuvua koti, akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari la mwaka jana na leo asubuhi nimeyasoma tena: "Nimemwacha kiumbe anaumia peke yake. Nikimwacha mwingine hivyo, upinde nauuza na sitashika mwingine."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana tulimwamini.

Basi Jumatatu iliyopita, siku ya Shukrani, sikukuu ya huku ya kushukuru mavuno, alikuja kula kwetu, akatoa mfukoni kikasha kidogo cha plastiki na kukifungua katikati ya sahani. Ndani mlikuwa na vigumba vitatu vipya. Kigumba ni ile ncha ya chuma inayokaa mbele ya mshale. Hivi vya huku vinakazwa kwa skrubu, vina upana wa vidole viwili, na vina makali pande mbili kama jani la mwanzi. Aliviweka pale kama mtu anayeonyesha pete ya uchumba. Mume wangu akasema ni kazi nzuri. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza, akasema vinatisha, kisha akarudi kwenye simu yake.

Mimi nikachukua kimoja nikakigusisha kwenye ukucha wa dole gumba. Hivyo ndivyo tunavyopima visu kazini: kisu chenye makali kinauma ukucha na kusimama, kisu butu kinateleza. Kile kikateleza.

"Shem," nikamwambia, "hivi vitanolewa lini?"

"Hivi ni vipya, shem."

"Nimeona ni vipya. Nimeuliza vitanolewa lini."

Akacheka, akamtazama kaka yake kama anayeomba msaada. Kisha akaeleza hoja yake, na nataka niiandike vizuri jinsi alivyoisema, kwa sababu haikuwa hoja ya kijinga. Alisema kazini kwake kila chenye makali kinatoka kwenye pakiti. Sindano inatoka kwenye pakiti, inatumika, inatupwa. Kijisu cha daktari vilevile. Hakuna nesi duniani aliyewahi kuinoa sindano, na ukiigusa tu umeshaiharibu. Vigumba hivi vimetengenezwa na watu wenye mashine zinazopima kitu kidogo kuliko unywele, na bei yake si ya mchezo. Kuviweka kwenye jiwe jikoni ni kuwatukana waliovitengeneza.

Mimi si msomi, niliishia kidato cha pili, na nikibishana na mtu aliyesoma huwa naanza kujishuku kabla hajamaliza sentensi. Lakini kunoa najua. Nina miaka tisa kwenye kiwanda cha nyama, saba nikiwa mezani nikitoa mafuta kwenye mabega ya ng'ombe, na miwili nilipoumia bega wakaniweka chumba cha visu, ambako siku nzima nilikuwa nanoa. Nikamwambia hata visu vya kiwandani kwetu navyo vinakuja vipya kwenye maboksi, na navyo vimetengenezwa na watu wenye mashine. Na hakuna hata kimoja kinachofika mezani kabla hakijapita chumba cha visu. Vingine vinakuja vikali, ni kweli. Vingine vina makali kwenye ncha na butu katikati. Boksi halikuambii kipi ni kipi.

Nikamwambia na jambo la damu, ambalo nilidhani yeye nesi angelijua kuliko mimi. Kisu butu kinaisukuma nyama kwanza, kinaivuta, ndipo kinaichana. Mtu akijikata na kisu butu kidonda kinaziba upesi. Kuna mwenzangu mezani alijikata na kisu nilichokuwa nimekinoa mimi mwenyewe asubuhi ile, mkato mdogo kama punje ya mchele, na damu ilikataa kusimama mpaka wakampeleka kushonwa. Sikulala vizuri siku ile, lakini nilijifunza.

 Kisha akanipiga kijembe, maana mashemeji hatuachiani:

"Shem, wewe unajua nyama iliyokwisha kufa. Yangu itakuwa inakimbia."

Tukacheka wote, na mimi nikacheka, kilikuwa kijembe kizuri. Nikamwambia na yeye anajua kumchoma mtu aliyekaa kitini amekunja mkono wa shati. Mume wangu akaingilia akasema kwao mwanamke hagusi mshale wa mtu anayekwenda kuwinda, unakuwa mzito. Alisema kwa utani. Ila utani wa mume wangu huwa na kokwa ndani, na mimi nililisikia lile kokwa: mambo yakienda vibaya, mwenye mkono mzito atakuwa anajulikana.

Wakati wa kuondoka nilimwomba shemeji aniachie kikasha mpaka Alhamisi. Alikipimapima mkononi. Akakiweka mezani.

"Vipime," akasema. "Lakini usiniharibie, shem. Nina hivi tu."

Jumanne nilitoka kazini saa tisa, nikala, nikafuta meza, nikatandika gazeti la matangazo ya maduka. Kwanza nilipima kwa haki. Nilichukua mpira ule unaofungia mafungu ya mboga ya sukuma, nikauvuta juu ya mdomo wa jagi, nikausogezea makali taratibu bila kukandamiza. Kigumba cha kwanza kiliukata mara moja, pande zote mbili, kama hakuna kitu. Nikakaa nikakitazama. Hapo shemeji alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimesema uwongo, na kama ningekuwa na kile kimoja tu ningempigia simu nimwombe radhi.

Cha pili kiliukunja mpira, kikausukuma mpaka kwenye plastiki ya jagi, kisha ukaruka. Cha tatu kilikata kwa upande mmoja, upande mwingine kikasukuma. Nikarudia mara tatu na mpira mpya kila mara. Majibu yalikuwa yaleyale.

Nilichukua rangi ya kucha ya binti, nyekundu, nikavitia madoa kwenye shina ili nisije nikachanganya: doa moja kile kikali, mawili, matatu. Cha doa moja nikakirudisha kwenye kikasha. Kitu kinachokata hakihitaji mkono wangu.

Ndipo nikakosea.

Nilikishika cha pili kwenye mwanga nikaona kwamba kila makali yamechongwa mteremko upande mmoja tu. Ukikigeuza, upande wa pili ni bapa kabisa, haujaguswa. Nikajisemea, hawa watu waliondoka kabla hawajamaliza kazi. Kwetu kiwandani kisu kilichonolewa upande mmoja ni kisu kinachorudishwa, na aliyekinoa anaitwa. Sikuuliza, sikufikiri mara mbili. Mkono wangu ulijua la kufanya, na mkono wangu ukafanya: nikakipa upande wa pili mteremko wake, nikaanza na uso wa kukwaruza wa kinoo, nikamalizia na uso laini, nikakipitisha kwenye ngozi ya mkanda wa zamani. Dakika arobaini. Nilipomaliza nikaenda kumwamsha mume wangu kwenye kochi, nikampitishia kwenye mkono, nikamnyoa vinyweleo mahali pana kama stempu. Akasema nirudi jikoni kabla sijamchinja. Nilikuwa na fahari, sitaficha.

Nikachukua cha tatu. Na nacho upande mmoja ni bapa. Nikatoa kile cha kwanza kwenye kikasha, kile kilichokata mpira kama hakuna kitu. Na chenyewe ni bapa.

Nilikaa kwenye kiti. Mtu akisahau kumalizia kigumba kimoja ni uzembe. Akisahau vitatu kwa namna moja, hajasahau.

Ndani ya kikasha mlikuwa na karatasi imekunjwa mara nyingi, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kiingereza changu ni cha kazini, kinatosha mezani na kwenye mkutano wa usalama. Nikamwita binti anisomee. Alisoma kwa sauti ya kuchoka, halafu akasoma tena polepole, kwa sababu aliona uso wangu. Karatasi ilisema vigumba hivi vimechongwa upande mmoja makusudi, ili vikiingia vizunguke kama skrubu. Vinolewe upande ule mmoja tu, na upande wa bapa ulazwe kwenye jiwe mara moja, kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaojikunja mtu akinoa. Na mstari uliofuata ulisema mwindaji ayapime makali kabla ya kwenda porini na ayarudishe inapobidi.

Kwa hiyo karatasi ilinipa haki na kuninyang'anya haki papo hapo. Binti akauliza kama nimekiharibu. Nikamwambia sijui. Na ukweli ni kwamba nilikuwa sijui: kilikuwa kikali kuliko vyote vitatu, lakini hakikuwa tena kile shemeji alichokinunua.

Naandika na hili, kwa kuwa daftari ambalo halina mabaya yangu halinifai. Nilifikiria kunyamaza. Yale makali niliyoyatia yalikuwa madogo, yanang'aa, na shemeji asingeyaona labda aambiwe. Nilifikiria hivyo muda wote wa kuosha vyombo. Angekwenda nacho, angepata au angekosa, na hakuna ambaye angeuliza jikoni kwangu. Kisha nikaufikiria ule usiku alioketi na koti, na nikajua kwamba akimpoteza swala mwingine akiwa na kigumba changu, atauza upinde akidhani ni mkono wake uliomshinda. Sikuweza kumwachia adhani hivyo.

Nilikausha mikono, nikachukua kalamu nene nyeusi ya binti, nikapaka ule mteremko wa kigumba cha tatu wote mweusi. Hii tunafundishwa siku ya kwanza chumba cha visu. Ukisugua kidogo na kutazama, weusi unakuonyesha jiwe limegusa wapi. Ukibaki mweusi kwenye ukingo kabisa, umelaza sana na makali hujayafikia. Ukitoka kwenye ukingo tu, umeinua sana. Nikafuata mwinuko wao, sio wangu, mpaka weusi ukatoka wote sawasawa. Halafu nikalaza ule upande wa bapa, nikavuta mara moja. Sikuwahi kunoa kwa uangalifu hivyo hata mwaka wa kwanza nilipokuwa na msimamizi nyuma ya bega. Kikaukata mpira pande zote mbili.

Alhamisi shemeji alipita baada ya zamu, bado amevaa zile nguo za buluu. Sikumngoja avue viatu. Nilimwambia yote kwa mfuatano, kipi kilikata chenyewe, vipi viwili havikukata, na nini nilichofanya kwa kile cha madoa mawili na kwa nini. Nikamwambia nitamlipa. Alikichukua akakiinua kwenye taa ya jikoni, akakigeuza upande huu na huu. Alikaa nacho muda mrefu.

"Sioni kitu," akasema.

"Kipo. Tazama upande wa bapa, kwenye ukingo."

Akatazama tena. Akaona. Akakiweka mezani polepole.

"Nisingejua, shem. Mbona umeniambia?"

"Ungekuwa umelenga na kitu usichokijua."

 Alichukua mpira wa sukuma, nilikuwa nimemwekea vitano, akauvuta kwenye jagi kama nilivyomwonyesha. Akajaribu cha doa moja. Akajaribu cha matatu. Kisha akauliza kama kweli hiki cha matatu kilikuwa butu kutoka kwenye pakiti, nikamwambia butu upande mmoja, na cha mawili pande zote, na cha moja hakikuwa na tatizo, wewe ulikuwa sawa kwa hicho. Akasimama pale na mpira uliokatika mkononi. Ndipo akasema jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu Jumatatu, akasema kwa sauti ya chini, kama anasoma chati ya mgonjwa.

"Vya mwaka jana sikuvipima."

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, nilijua. Ningeshinda ubishi. Lakini sikuwepo kwenye msitu ule. Nikamwambia hatujui. Huenda kilikuwa kikali na mshale ukapita juu sana. Huenda ilikuwa mvua tu. Kile kigumba alikitupa, hakuna wa kukiuliza. Akakubali kwa kichwa, lakini niliona kwamba ameshaanza kujiuliza, na pengine si vibaya, kwa sababu makali mtu anaweza kuyarekebisha.

Malipo akakataa. Alisema cha madoa mawili nibaki nacho nifungulie bahasha za bili ya umeme, maana zile ndizo zinazohitaji kuchomwa moyo. Akachukua viwili. Mlangoni akageuka akamwambia kaka yake kwamba mwanamke ameshagusa mishale, na kama itakuwa mizito yeye atafanya mazoezi ya mikono. Mume wangu akasema yeye hakusema kitu. Tukamwacha na uwongo wake.

Sasa ndiyo narudi kwenye leo.

Mume wangu alikuwa amelala, ametoka kazini alfajiri. Binti alikuwa chumbani. Saa mbili manyunyu yalipoanza nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na sikukinywa. Nilijua shemeji hawezi kupiga simu kule, hakuna mtandao mpaka barabarani. Saa tatu, kimya. Saa nne nikaanza kusafisha jiko ambalo lilikuwa safi. Saa tano nilitoa kile kigumba cha madoa mawili kwenye droo, nikakitazama, nikakirudisha. Nilijiambia kama amekosa kwa cha doa moja ni kiwanda, na kama amekosa kwa cha matatu ni mimi. Halafu nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa naanza kugawa lawama kabla mtu hajaumia.

Saa sita. Saa saba. Kila dakika nilikuwa naiona ile damu ikioshwa kwenye majani.

Simu ililia saa nane na dakika kidogo, mvua inakatika.

"Shem," akasema. Alikuwa anahema.

"Niambie."

"Amelala hatua sitini tu. Nilimwona akianguka nikiwa bado juu ya mti."

Nikaketi. Akaeleza haraka haraka, na mimi nikamwacha aeleze. Jike lilitokea saa moja na nusu upande wa soya, likasimama limempa ubavu. Aliachia mshale. Likakimbia, likasita, likalala. Yeye akangoja nusu saa vilevile, akihesabu, na ile anashuka ndiyo manyunyu yakaanza. Lakini hata kama asingemwona akianguka, alisema, hata mvua ingekuwa mara tatu, njia ilikuwa pana kama mtu aliyetembea na ndoo inayovuja. Muda wote huu alikuwa anamtengeneza na kumburuta hadi kwa mwenye shamba, wanamtundika ghalani. Mzee alimpa mkono.

Nilimwacha amalize. Kisha nikauliza, kwa sababu nisingelala bila kuuliza.

"Kigumba kipi?"

 Nadhani alijua kwa nini nauliza.

"Doa moja, shem."

Yaani kile ambacho sikukigusa. Kile kilichotoka kwenye pakiti kikiwa kikali, kama yeye alivyosema siku ya Shukrani mbele ya sahani, na mimi nikambishia. Kile changu cha matatu kilirudi nyumbani kwenye podo kama kilivyokwenda. Nilianza kucheka, na nilicheka mpaka mume wangu akaja mlangoni na fulana yake kuuliza nani amekufa. Nikamwambia shemeji kwamba basi ameshinda, kitu kipya hakinolewi, nitaliandika kwenye daftari.

"Liandike vizuri," akasema. "Mwaka jana nilitoka nyumbani natumaini kinakata. Leo nilijua."

Nimeliandika. Na kwa kuwa watu wawili kanisani wenye pinde wameshasikia kwa shemeji na watanijia na vikasha vyao, naandika na jibu langu hapa ili nisije nikaongeza chumvi baadaye. Kigumba kipya huenda kikahitaji kunolewa na huenda kisihitaji. Mimi nimeona vitatu tu, vya pakiti moja, na kimoja kati ya hivyo hakikuhitaji mtu. Siwezi kuwasemea vya wengine. Lakini kupimwa kinahitaji, kila kimoja, pande zote, na mpira wa sukuma unatosha. Kikikata, kiache. Kisipokata, soma karatasi kwanza, hata kama una miaka tisa ya visu. Katika hili sina wasiwasi, na ni mambo machache ninayoweza kuyasema hivyo.

Saa kumi na mbili shemeji akafika, amebadilisha nguo lakini majani bado yako kwenye nywele. Alikuwa ameleta ini kwenye mfuko, bado lina damu kidogo, akanikabidhi mimi, sio kaka yake. Nililikata kwa kisu changu vipande vyembamba, nikakaanga na vitunguu, nyanya, hoho na pilipili kidogo. Mume wangu akasonga ugali. Tulikula maini, ugali na sukuma, na binti, aliyesema hatakula, alikula vipande vinne na kuuliza kama kuna vingine.